Siku waliyonihamisha siti Taifa

Mi ni Yanga. Naanza na hilo kabisa maana nikimaliza hii stori lazima atokee mtu aseme huyu mikia huyu, yaani Simba, kama walivyosema wenzangu jukwaani tarehe 20 Oktoba 2013, na hao hawakuwa watu wa upande wa pili jamani, ni watu wa maskani kwetu Tandika, nimekua nao, tumezikana nao, na mmoja wao mpaka siku hiyo alikuwa bado ameshikilia suruali yangu ya Idi hajaimaliza. Hiyo suruali ntairudia.

Kila maskani ya mpira ina mtu mmoja ambaye timu yake ikishinda yeye ananuna. Kwetu alikuwa mimi. Sikuanza hivyo, mi nilikuwa shabiki wa kawaida tu, naimba naruka, ila tarehe 6 Mei 2012 nilikuwepo uwanjani tukipigwa mkono na Simba, tano bila, Okwi kafunga mbili, Mafisango kafunga (Mungu amrehemu, alifariki kwa ajali ya gari mwezi huo huo), Sunzu kafunga, na kwenye penati moja nikamuona kipa wao Juma Kaseja anatoka golini kwake anatembea taratibu uwanja mzima kuja kuipiga. Kipa! Na akafunga. Ule mwendo wake wa kutoka goli lile mpaka goli hili mi ndo uliniharibu, mpaka leo nikifumba macho nauona. Tangu siku ile nikawa siamini kitu chochote kinachoitwa Yanga, naipenda ila siiamini, na nikawa nasema kwa sauti.

Na nilikuwa na maoni mengi. Kwa mfano Ngassa. Mrisho Ngassa alikuwa wetu, akaenda Azam, msimu wa 2012/13 akacheza Simba kwa mkopo, afu 2013 huyo anarudi kwetu Jangwani, mashabiki wanalia kwa furaha. Mi nikasema asirudi. Nikasema mtu ameshavaa nyekundu, ameshazunguka mji mzima, tena mwanzo wa msimu kafungiwa mechi sita kwa ajili ya hayo mambo ya mikataba, tunamtaka wa nini, hiyo nafasi si apewe kijana? Nilikaribia kupigwa. Nikasema pia Haruna Niyonzima anakaa sana na mpira anatupunguzia spidi, na hilo ndo nusura linifukuzishe maskani, maana Haruna kwa kipindi kile ukimsema ni kama umemtukana mama wa mtu.

Kubwa kuliko yote ni la ile nembo. Wa zamani mnakumbuka, klabu iligombana na mdhamini wa ligi kwa sababu nembo yake ina rangi nyekundu, Yanga hatuwezi kuvaa nyekundu kifuani. Watu walisimama na klabu wote, wazee, vijana, mpaka mama lishe. Mi nikasema ni upuuzi, hela haina rangi, damu yenyewe iliyo mwilini mwenu rangi gani?

Hapo ndo niligombana na fundi.

Fundi cherehani alikuwa kama mwenyekiti wetu. Cherehani yake ipo barazani chini ya mwarobaini, mabenchi mawili yamezunguka, hapo ndo mikutano yote inafanyika, na alikuwa na sheria yake, wiki ya Simba na Yanga kitambaa chekundu hakishonwi. Mteja akija na chekundu anaambiwa arudi Jumatatu. Nyuzi nyekundu anazikusanya zote anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga anafunika anasukuma chini ya benchi. Nilishawahi kumuona anamrudisha mama wa watu na gauni la sendofu ya mwanae. Na alikuwa fundi mzuri kweli, ndo maana watu walikuwa wanavumilia.

Sasa mechi ya Oktoba 2013 iliangukia wiki ileile ya Idi ya kuchinja. Nilimpelekea kitambaa cha suruali nyeusi wiki mbili kabla, akanambia Idi utavaa. Idi ikafika ananambia bado kupinda chini tu, njoo kesho. Kesho yake njoo keshokutwa. Mnawajua mafundi. Jumapili ya mechi nilienda uwanjani na jinzi langu la siku zote.

Tandika mpaka Taifa ni mwendo wa miguu, tulitoka kundi kubwa mchana, vuvuzela, bendera, dogo mmoja wa bodaboda amejipaka rangi ya kijani mpaka masikioni. Njiani fundi akanivuta pembeni, akaniwekea mkono begani kama mtu anayetaka kukopa.

"Mdogo wangu, leo nakuomba kitu kimoja."

"Sema kaka."

"Leo usiongee."

"Kabisa?"

"Shangilia tu. Goli likiingia ruka. Ila maneno yako yale ya kama mganga, leo yaache nyumbani."

Nikakubali. Tukaingia viti vya bei ya chini kule juani, tumekaa safu mbili, mi katikati yao kama mfungwa.

Mpira ukaanza, na ntasema ukweli, kipindi kile cha kwanza Yanga walicheza. Sijawahi kuona Simba wamekaa vile. Mpira unatoka kwetu unaenda kwao hawajui wameutolea wapi. Dakika ya 15 goli, na nani kafunga? Ngassa. Yule yule. Mi nimeruka kama wengine, nimemkumbatia mtu nisiyemjua, natua chini nakuta safu nzima haiangalii uwanjani, imegeuka inaniangalia mimi. Mpira umeshawekwa kati wao bado wananiangalia. Dogo wa bodaboda akanambia, "Asirudi eeh? Asirudi?" Sikujibu, nilikuwa na ahadi.

Dakika ya 36 Hamis Kiiza akaweka la pili. Dakika ya 45 Kiiza tena, la tatu. Hapo sasa jukwaa letu likawa sio jukwaa, ni harusi. Watu wanainua mkono vidole vitano vimetanuliwa, mkono, mkono, mkono, maana hesabu ilikuwa rahisi, tatu kipindi cha kwanza, mbili tu zimebaki tulipe lile deni la Mei 2012. Upande wa Simba kimya, wengine wameanza kutoka, tunawaona kabisa nyekundu zinapungua kwenye mageti, na sisi tunawapungia, kwaherini, tuonane mwakani. Wazee wazima walikuwa wanalia. Fundi mwenyewe amekaa ameshika kichwa anacheka peke yake.

Refa akapuliza mapumziko. Na mi nikafungua mdomo.

Sijui kwa nini. Nimeshajiuliza mara nyingi. Nadhani ni ile furaha yenyewe ndo ilinitisha, ilikuwa kubwa mno kwa dakika 45. Nikasema, tena sio kwa sauti kubwa, "Hizi tatu hazitoshi."

Fundi akageuka taratibu. "Umesemaje?"

Na ukishaanza si unamalizia tu. Nikasema viungo wetu wamekimbia sana, mabeki wa pembeni wanapanda kama mawinga na hawarudi, wenzetu wakirudi na watu wapya pale katikati na wakapata moja la mapema sisi hatuna mtu wa kuupoza mpira, kila mtu anataka kufunga la nne na la tano, tunacheza na mwaka jana hatuchezi na hawa waliopo. Nikasema wanarudisha zote.

Kukawa kimya sehemu ile. Afu dogo wa bodaboda ndo akawa wa kwanza. "Huyu mikia huyu! Nilisema mimi! Mikia kavaa kijani!" Mwingine akasema pandikizi. Mwingine gundu, huyu ana gundu, timu inaongoza tatu na yeye anapiga ramli. Jamaa ambaye simjui kabisa, hata Tandika hakai, akasimama akaniambia vua jezi. Fundi akawatuliza, na nilidhani ananitetea, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kistaarabu.

"Mdogo wangu," akasema, "hamia kule juu. Mpaka mpira uishe. Sio kwa ubaya."

Nikahama. Nimepanda ngazi nikiwa na bendera yangu mkononi, safu kama nane juu, kila ninapopita naambiwa siti ina mtu, yaani taarifa zilishanitangulia. Mwisho nikapata nafasi pembeni ya mzee mmoja mwembamba, kofia ya kijani iliyopauka mpaka imekaribia kuwa nyeupe, ana karanga kwenye karatasi, anamenya anakula, hana habari na mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Ndio."

"Umesema nini?"

Nikamwambia. Nilitegemea na yeye anifukuze. Akamenya karanga moja, akatafuna mpaka ikaisha, akasema, "Hata hizo tatu zenyewe za bahati."

Sasa hapo ndo mambo yakanigeukia. Mzee akaanza. Akasema hii timu hamna kitu. Akasema Yanga aliyoiona yeye ni ile iliyoenda Kampala mwaka 1993 ikachukua kombe mbele ya SC Villa nyumbani kwao, enzi za kina Lunyamila, na baada ya hapo labda ile ya 1998 iliyoingia makundi ya klabu bingwa Afrika, basi, wengine wote hawa wanaruka ruka tu. Akanyoosha kidole kule kwenye benchi la Simba. "Unamuona kocha wao yule? Kibadeni. Mwaka 77 tulifungwa sita na watu hawa. Tatu kafunga yeye peke yake. Nilikuwepo." Akasema vile wanavyosema watu wengine 'nilikuwepo siku ya uhuru'.

Na mimi, yaani mimi huyu niliyefukuzwa kwa kuisema Yanga, nikajikuta naitetea. Nikamwambia mzee hapana, timu yetu nzuri, sisi ndo mabingwa, Mei mwaka huu huu tumewafunga hawa mbili bila, Kavumbagu na Kiiza. Akasema bahati. Nikamwambia Cannavaro wetu, Nadir Haroub, pale nyuma ni ukuta. Akasema ukuta wa makuti. Nikamwambia Ngassa umemuona lakini? Nilipotamka Ngassa nikajisikia vibaya nikaangalia chini kama kuna mtu wa kwetu amesikia. Mzee akasema, "Ngassa mzuri. Ila angecheza enzi zetu angekuwa anabeba mipira." Nikakasirika kabisa, nikawa napandisha sauti, namtajia mchezaji mmoja mmoja, hata Niyonzima nimemtetea, nikasema kukaa na mpira ni kipaji. Mzee anatafuna tu.

Kipindi cha pili kikaanza. Simba wakarudi wamebadilisha watu, vijana wameingizwa pale katikati, na ghafla mpira ukawa wao. Sisi wote hofu yetu ilikuwa Tambwe, yule Mrundi alikuwa anafunga kila siku msimu ule, macho yetu na ya mabeki wetu yalikuwa kwake. Dakika ya 54 akafunga Betram Mwombeki.

Mzee akasema, "Moja." Kama mtu anayehesabu chenji.

Huku chini watu wa kwetu hawakushtuka bado, bado wanaimba, goli moja la kufutia machozi wacha walipate. Mi nikasimama. Na dakika nne tu, nne, ya 58, Joseph Owino, beki, Mganda, akaweka la pili.

Hapa ndo pana kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na miaka imepita nadhani sasa naweza. Lile goli la Owino lilipoingia, kabla ya kuumia, kuna kitu kingine kilitangulia. Kidogo sana. Kama mtu aliyekumbuka alipoweka funguo. Nilijisikia vizuri. Timu yangu imefungwa, timu ambayo baba yangu alinipeleka kuiona nikiwa darasa la pili, na mimi kwa sekunde moja hivi nimefurahi kwa sababu nilikuwa nimesema. Na nikaangalia chini kule kwenye safu ya fundi, nataka kuona kama watageuka. Hawakugeuka.

Mzee ndo alikuwa ananiangalia.

"Umetabasamu," akasema.

"Hapana mzee."

"Umetabasamu bwana. Usijali. Hata mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakaa. Hatukuongea tena muda mrefu, tunaangalia tu mpira, na sasa mpira ulikuwa mateso, kila kona yao tunakufa, kila mpira wa kipa wetu Barthez tunaomba aukalie hata dakika tano. Nyimbo zimekata. Ule upande wa nyekundu waliokuwa wametoka wamerudi, wengine wanakimbia kwenye ngazi na jezi zimevuliwa. Kwenye dakika ya sabini na kitu mzee akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama, akanipa ile karatasi ya karanga zilizobaki.

"Mzee unaenda wapi? Tunaongoza!"

"Nawahi daladala. La tatu ntalisikia njiani."

Na akaenda kweli. Nimemuangalia anashuka ngazi moja moja ameshika chuma, hakugeuka nyuma hata Simba walipopata faulo karibu na boksi na uwanja mzima umesimama. Sikumuuliza jina wala anakaa wapi.

Dakika ya 85. Sikuliona vizuri maana watu mbele walikuwa wamesimama, nimeona tu miguu na vichwa, afu ile sauti. Taifa ikilia upande mmoja unaijua kwa kifua kabla ya masikio. Gilbert Kaze, beki mwingine, huyu Mrundi. Tulimchunga Tambwe wakatufunga mabeki wawili. Tatu tatu. Nikajua huko barabarani mzee amesikia na wala hajasimama.

Safari hii sikutabasamu, naapa. Nilikuwa nimeshika karanga za mtu mkononi nimeganda.

Mpira ulipoisha nilibaki juu pale muda mrefu, nilitaka watu wa kwetu watangulie. Lakini walikuwa wananisubiri chini ya ngazi. Wote. Nikasema leo nakufa. Kumbe hakuna aliyetaka kunipiga, walikuwa wanataka kitu kibaya zaidi, wanataka maelezo.

"Nani alikwambia?" Dogo wa bodaboda, rangi ya kijani imechuruzika mpaka shingoni kwa jasho.

"Nani kaniambia nini?"

"Usijifanye. Tatu bila, mtu anajuaje zinarudi zote? Nani alikwambia?"

Hapo nikaelewa. Kwa mtu wa Simba na Yanga mechi haiwezi kugeuka yenyewe. Lazima kuna mtu. Kuna aliyekula hela, kuna kamati ya ufundi iliyozembea, kuna kitu kimefukiwa golini upande tuliokuwa tunalinda kipindi cha pili, na kama upo uliyejua kabla basi umo kwenye mnyororo. Kwa hiyo nilipokosea kuhusu Ngassa nilikuwa mjinga tu, ila nilipopatia nikawa msaliti. Wakaomba simu. Nikawapa, simu yenyewe ya tochi, dogo akafungua meseji anasoma kwa sauti mbele ya watu kama ishirini. Kulikuwa na meseji mbili za mtandao zinanihimiza nijiunge na kifurushi, na moja ya mama: "ukirudi pita na unga kilo mbili na nyanya."

Watu wakacheka, siku ile ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mapumziko. Fundi hakucheka. Tulitembea mpaka Tandika hatuongei, barabara imejaa nyekundu, wanapita na pikipiki wanatupigia honi tatu, wanasubiri, wanapiga tena tatu. Waliokuwa wametoka mapumziko nao walikuwa wanapiga honi, hao ndo waliniudhi kuliko wote.

Karibu na nyumbani fundi akanambia, "Mechi ya Mei, ile ya mbili bila, mapumziko ulisema nini?"

Nikakumbuka. "Nilisema haitoshi."

"Na tukashinda."

"Ndio."

"Na zile zingine msimu mzima. Ulisema nini?"

"Haitoshi."

"Sasa wewe unajua nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nalitafuta. Alikuwa sahihi kabisa, nilikuwa nimesema kitu kilekile kila mechi tangu Kaseja apige ile penati, na siku moja kikatokea, na hata zile sababu zangu za viungo na mabeki wa pembeni nilizitunga palepale mdomo ukiwa umeshafunguka.

Nikapita dukani nikachukua unga, nyanya nikasahau.

Baada ya hapo sikwenda barazani kama wiki tatu hivi. Hakuna aliyenikataza, ila ukipita watu wanapunguza sauti. Suruali nikaisamehe. Afu mwezi wa kumi na moja ikatoka habari, Yanga wamemsajili Juma Kaseja. Yaani yule. Aliyetembea uwanja mzima kuja kutupiga penati. Nikasema hii lazima niisikie, nikaenda.

Nimekuta baraza limejaa, fundi amesimama, mkanda wa kupimia shingoni, anaeleza kwamba Kaseja ni kipa mzoefu, kipa ni uzoefu, kwamba mambo ya kuvaa nyekundu zamani ni kazi tu, mtu yupo kazini. Watu wanaitikia. Dogo wa bodaboda anasema kwanza Kaseja moyoni alikuwa Yanga siku zote. (Na Disemba tukamchukua Okwi naye, mfungaji wa mbili siku ile ya mkono, na watu wakampokea kama mtoto aliyerudi kutoka Ulaya. Mwezi huohuo kwenye Nani Mtani Jembe, ile mechi ya bonanza ya watani, Simba wakatupiga tatu moja, kocha wetu Brandts akaondolewa, ubingwa msimu ule ukaenda Chamazi kwa Azam ambao hawakufungwa mechi hata moja. Lakini hayo ya mbele.)

Fundi akaniona. Baraza likanyamaza, wote wananiangalia, na nilijua wanasubiri nini. Na nilikuwa nayo, mdomoni kabisa, tena nzuri.

"Sema," akasema fundi.

"Sina la kusema kaka. Kaseja kipa mzuri."

Akaniangalia sana. Nadhani hakupenda. Nadhani wote hawakupenda, baraza likapoa kama chai iliyosahauliwa, dogo akaanza kuchezea funguo za pikipiki. Fundi akainama chini ya benchi akatafuta tafuta, akatoa mfuko mweusi wa rambo akanipa.

"Suruali yako. Tayari siku nyingi."

Nikauliza bei. Akasema nenda.

Nyumbani nikaijaribu. Imekaa vizuri kweli, kiuno sawa, mapaja sawa, fundi ni fundi. Nimekaa kitandani navua ndo nikaona kule chini kwenye pindo. Kapinda kwa mkono, mishono midogo midogo imepangana kwa ustadi, miguu yote miwili, kwa uzi mwekundu.

Mama akapita mlangoni, akaishika, akaisogeza dirishani aone vizuri. Mama mpira haujui kabisa.

"Fundi wako huyu aliishiwa uzi mweusi?"

Nikamwambia ndio.